Nilimtetea Hürrem, mama mkwe akamhamisha mtoto chumba

Assalaam aleikum Somo. Shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 31, nakaa Tanga mjini nyumbani kwa wakwe zangu. Baba mkwe alishatangulia mbele ya haki, yupo mama mkwe. Mume wangu ni dereva wa lori. Anapakia Dar es Salaam, anavuka Tunduma mpaka Lubumbashi, akiondoka ni wiki tatu ndipo tumwone. Tuna watoto watatu. Wawili nimewazaa mimi, binti wa miaka minne na wa kiume wa miezi minane. Mkubwa ana miaka 11, huyo ni wa mume wangu na mkewe wa kwanza, ambaye sasa yuko Muheza. Mimi huyo mwanamke sikumkuta humu ndani. Walishaachana. Ni kweli ndoa yetu ilifungwa mwezi mmoja tu baada ya eda yake kwisha, na mtaani wana maneno yao, lakini sikumkuta.

Nikueleze kwanza habari ya tivii, maana ndiko yalikoanzia. Nilipoolewa, miaka sita iliyopita, mama mkwe hakuwa na neno na mimi. Salamu anaitikia, chakula anakula, basi. Kilichotufungua midomo ni tamthilia. Mume wangu alileta king'amuzi, na saa mbili usiku ikawa saa yetu. Mama anakaa chini kwenye mkeka anasuka ukili, mimi kwenye kochi na mtoto. Akaanza kuniuliza, "Huyu si alikufa?" Nami ni mtu wa kuongea nikiangalia, siwezi kunyamaza. Huyu kapendeza, yule analia bila machozi, huyu wamempa sauti ya Kiswahili isiyomfaa, angepewa ya yule mwingine. Mama anacheka mpaka anaweka ukili chini. Akipitiwa na usingizi, asubuhi ananifuata jikoni nimsimulie yaliyompita. Nikakubalika kwenye nyumba hiyo kwa njia ya tamthilia, Somo, sioni aibu kusema.

Mwaka huu tulikuwa tunaiangalia kwa mara ya pili ile ya Kituruki, Sultan, iliyotiwa Kiswahili. Kama hukuiona: Sultani Süleyman ana mtoto wa kiume, Mustafa, aliyezaa na Mahidevran. Anakuja Hürrem, mateka wa kununuliwa, anauteka moyo wa Sultani na kumzalia watoto wengine. Mahidevran anawekwa pembeni. Mwisho wa yote Mustafa ananyongwa ndani ya hema la baba yake mzazi.

Usiku wa kisa chenyewe ilikuwa sehemu hiyo ya Mustafa. Kijana wetu, yule wa miaka 11, alikuwa amelala kifudifudi kwenye mkeka, kidevu viganjani, karibu na goti la bibi yake. Mustafa akaingia hemani, wanyongaji wakamrukia. Mama analia, machozi ya kweli. Mimi namnyonyesha mdogo, nikasema kama ninavyosema siku zote: "Sasa Hürrem naye angefanyaje? Huyu angekalia kiti, wale wa kwake wote wangenyongwa. Hata ningekuwa mimi, kwa ajili ya wanangu ningefanya hivyohivyo."

Ukili ukasimama mikononi mwa mama. Akaniuliza, "Umesemaje?" Nikadhani hakusikia, nikarudia, tena nikicheka. Akakusanya ukili wake, akautia kwenye pakacha, akaenda kulala. Tamthilia haijaisha.

Asubuhi nikamkuta jikoni anamkorogea kijana uji. Uji wa mtoto huyo miaka sita naukoroga mimi. Jioni yake godoro la kijana likahamia chumbani kwa bibi. Nilipouliza, nikaambiwa mtoto anakohoa usiku. Hakohoi. Chakula ninachomfunikia kwa kawa akirudi shule anakipita, anaingia kwa bibi yake, nakaa nasikia kijiko kinagonga sahani huko ndani. Mama mwenyewe chakula changu anakula, na hawa wawili wangu anawabeba kama kawaida. Ila saa mbili ikifika anajifungia. Naangalia peke yangu, sauti nimeipunguza. Huu mwezi wa pili.

Nilimpigia mume wangu akiwa kwenye foleni Tunduma. Akasema, "Mnagombana kwa ajili ya Waturuki? Nikirudi nakiuza hicho king'amuzi." Dada yangu ananiambia niombe radhi yaishe. Shoga yangu anasema nikapange, nitoke kabla sijafanyiwa makubwa.

Lakini niombe radhi kwa lipi, Somo? Kwa maoni ya tamthilia? Nikiomba radhi si nimekiri kwamba nina nia mbaya na mtoto? Nimemlea toka ana miaka mitano. Nimemkesha kwa malaria. Sikumtoa mtu humu ndani na mama yake sikumkuta.

Na jambo moja dogo. Juzi usiku kijana alinikuta peke yangu mbele ya tivii. Akasimama mlangoni, akauliza, "Mama, Mustafa alikosa nini?" Nikamwambia ule ni mchezo tu, nenda kalale. Akaenda.

Ni mimi niliyenyamaziwa, Tanga

*

Waaleikum salaam mwanangu, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama kwenye kile kijiko kinachogonga sahani. Kumpikia mtoto miaka sita, kisha ukae sebuleni usikilize akila cha mwingine kama vile chako kina sumu, hilo linaumiza. Pole sana. Yote nitakayosema nayasema nikiwa upande wako.

Nijaribu kukurudishia nilivyolielewa jambo lako, unisahihishe nikikosea. Ulitoa maoni juu ya tamthilia kama ulivyozoea. Mama mkwe akayasikia kama habari ya nyumba yenu: wewe ni Hürrem, yule wa Muheza ni Mahidevran, na kijana ni Mustafa. Hajakwambia hivyo kwa mdomo, kasema kwa godoro na kwa uji. Wewe sasa umekwama, kwa sababu ukinyamaza unaonekana una jambo, na ukiomba radhi unaonekana umekiri.

Sasa niruhusu nikuulize mawili matatu.

La kwanza ni hilo neno lako, "maoni ya tamthilia." Umeniambia mwenyewe kwamba miaka sita iliyopita tamthilia ndiyo iliyokuingiza moyoni mwa mama. Kumbe yale maoni hayakuwa madogo. Mlikuwa mnasemezana kwa mgongo wa watu wa kwenye tivii yale ambayo mkwe na mama mkwe hawawezi kuambiana uso kwa uso. Nakumbuka mwaka 2011 TBC ilipoonyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, Doudou na Mama Wakwe Zake. Wazazi wa mume wa yule binti walikuwa wameachana na baba akaoa tena, kwa hiyo Doudou akajikuta na mama wakwe wawili. Kina mama walibishana juu ya Doudou msibani, harusini na kwenye foleni ya kliniki, na ukisikiliza vizuri kila mmoja alikuwa akimtetea anayefanana naye. Hata Waturuki wenyewe hiyo ya Süleyman haikuwapita salama. Ilipoanza mwaka 2011, baraza linalosimamia utangazaji nchini mwao lilipokea malalamiko zaidi ya 70,000, na mwaka uliofuata Erdoğan, wakati huo akiwa waziri mkuu, akaisema hadharani kwamba Sultani hakuwa mtu wa namna ile. Watu hawagombani hivyo kwa kitu kisichowagusa. Ndiyo maana na mumeo, kwa heshima zote, nadhani amekosea. Hamgombani kwa ajili ya Waturuki.

La pili ndilo lililonikalia kooni. Ulisema, "Kwa ajili ya wanangu ningefanya hivyohivyo." Mwanangu, uliposema "wanangu", ulikuwa ukihesabu wangapi?

Usinijibu haraka, wala usidhani nakutuhumu. Ulikuwa na kichanga kifuani, na mama anayenyonyesha neno "wanangu" humtoka lenyewe. Lakini kwenye barua umeniandikia "tuna watoto watatu", na mbele ya tivii, kwenye sentensi ile, ukimsoma Hürrem vizuri, Mustafa si katika wanawe. Mama mkwe aliisikia hesabu hiyo. Na mwingine alikuwa amelala kwenye mkeka palepale, kidevu viganjani. Inawezekana wewe hukuhesabu kabisa. Inawezekana mama ndiye aliyehesabu, kwa sababu amekuwa akihesabu tangu siku ya ndoa yenu, mwezi mmoja baada ya eda.

Na hapo nikuulize la tatu, kwa upole. Umeniandikia mara tatu kwamba mama yake kijana hukumkuta. Nakuamini, wala sikukuuliza. Je, mama mkwe aliwahi kukuuliza? Au ni jambo ambalo halijasemwa nyumbani humo hata siku moja, likawa linasubiri mahali pa kutokea, mpaka Hürrem akalipatia mlango?

Nirudi kidogo kwa huyo Hürrem, maana nami ni mtazamaji na nina maoni yangu. Ulisema angefanyaje, kwa kuwa Mustafa angetawala wanawe wangenyongwa. Una haki ya kumhurumia. Desturi ya kuua ndugu katika ukoo ule ilikuwepo kweli. Lakini Mustafa aliuawa mwaka 1553 kwa amri ya baba yake, na mkono wa Hürrem katika jambo lile tunausikia zaidi katika uvumi wa wakati ule. Mmoja wa walioueneza Ulaya ni balozi Busbecq, aliyefika Istanbul Mustafa akiwa keshauawa, na ndani ya nyumba ya wanawake mwanamume mgeni hakanyagi. Aliandika alichosikia kwa watu. Tena tuchukulie alifanya. Hürrem alifariki mwaka 1558. Miaka mitatu baadaye mwanawe mwenyewe, Bayezid, baada ya kupigana na ndugu yake Selim na kukimbilia Uajemi, akauawa huko pamoja na watoto wake. Hao wawili ni wa tumbo moja. Kwa hiyo kama kuna aliyedhani kumwondoa Mustafa kutawanusuru waliobaki, hakukuwanusuru.

Kwenu hakuna kiti cha kugombea, nalo nadhani lisemwe wazi. Wanaume wawili wa baba mmoja, katika mirathi ya Kiislamu fungu lao kwa baba yao ni sawa, haiulizwi nani mama yake. Shehe wa msikiti wenu atawaeleza kwa kirefu mkitaka. Hofu ya mama mkwe huenda ina pembe ya nyumba na mali ndani yake, kama hofu nyingi za wajane, na kauli kama hiyo ikitoka kwako wewe mwenyewe ingeweza kumtuliza kuliko kiapo.

Maana mimi naona hofu, sioni shutuma. Tazama ulichokiandika: chakula chako yeye anakula, na watoto wako anawabeba. Mwanamke aliyekuona mchawi hawezi kuweka tonge lako mdomoni. Amemfanyia ukuta mtoto mmoja tu, yule ambaye mama yake hayupo humo ndani wa kumsemea. Ungekuwa wewe uko Muheza na binti yako wa miaka minne amebaki Tanga, usingetamani awepo mtu wa namna hiyo? Hili halifuti maumivu yako. Nalisema kwa sababu ukienda kwake kama mtu aliyetukanwa utamkuta yuko tayari kwa vita, na ukienda kwa mlango mwingine huenda usiikute vita.

Haya, tuyapime uliyoshauriwa.

Kuomba radhi. Dada yako ana hoja, ila nawe una hoja. Ukisema "nisamehe kwa nilichosema" bila zaidi, mama anaweza kusikia kwamba ulikimaanisha. Lakini kuna radhi nyingine, ya kilichosikika. "Mama, neno langu lilikuumiza, na kijana alikuwa pale analisikia. Hilo ndilo linaloninyima usingizi." Hapo hujakana wala hujakiri, umemtaja mtoto kabla hajatajwa na yeye. Hatari ni kwamba anaweza kukujibu kwa yale ya miaka sita, ya talaka na ya eda, na itabidi uyasikilize mpaka mwisho bila kumkatiza na "sikumkuta." Kama unaona huyawezi bado, subiri. Usiende siku ambayo umeamka na hasira.

Kumtumia mumeo. Ni mwanawe na ni mumeo, angefaa. Lakini akiwa barabarani na simu inakatika, neno lake la kwanza kwa mama litakuwa, "Mke wangu kaniambia," na mama atajua ameshtakiwa. Akiwa nyumbani, kochi lilelile, ni jambo jingine. Kuna kitu ambacho yeye peke yake anaweza kukieleza, nacho ni kwa nini alimwacha mke wa kwanza. Mmebeba hilo kwa niaba yake, wewe na mama yake, kila mmoja upande wake, naye yuko Tunduma anazungumzia kuuza king'amuzi. Sikutumi ukamgombeze. Nakuambia tu kwamba mzigo huo si wako wote.

Kuhusu king'amuzi chenyewe, kikiondoka sebule itanyamaza kabisa, na ile saa moja ambayo mama alikuwa akicheka na wewe haitakuwa na pa kurudi. Mimi ningekionea huruma.

Kupanga. Shoga yako anakupenda, na kuna wanawake nimewashauri wakatoka na nyumba zikapona. Lakini kabla hujafunga mzigo, jiulize kijana anakwenda na nani. Ukimwacha kwa bibi, mama atasema ndiyo, alichukua wake akaenda. Ukimchukua, atasema kanyang'anywa mjukuu. Hakuna jibu la wepesi hapo, na jibu lolote mtoto atalisikia.

Lipo na moja ambalo hakuna aliyekushauri, nami nalisema kwa tahadhari: mama yake aliyeko Muheza. Sijui kama huwa mnasalimiana. Mtoto akienda likizo, nani anampeleka? Nani anampigia simu kusema amefika? Wapo waliojenga maelewano kwa vitu vidogo hivyo, na mama mkwe akiwaona hivyo wenyewe roho yake hutulia. Wapo pia walioonekana wachokozi kwa kujaribu. Mumeo awe anajua, na mwenyewe wa Muheza awe anataka. Bila hayo mawili, acha kwanza.

Sasa lile uliloliita jambo dogo.

Umeniandikia ukurasa mzima wa mama mkwe na mistari michache ya kijana, nayo umeiweka mwisho. Mtoto wa miaka 11, aliyehamishwa chumba bila kuelezwa, aliyekatazwa sahani yako au aliyejikataza mwenyewe, ametoka kitandani usiku akaja kwako. Hakwenda kwa bibi yake kuuliza. Alikuja kwako, na alikuita mama. Akauliza Mustafa alikosa nini. Wewe ulichoka, ulikuwa na majonzi yako, ukamjibu kama ambavyo mumeo alikujibu wewe: ni mchezo tu.

Sikulaumu. Lakini nadhani swali lile bado liko mlangoni.

Ukipata nafasi, si lazima uanze na mambo ya nyumbani. Mjibu alichouliza. Mwambie Mustafa alisingiziwa, na aliyetoa amri alikuwa mtu mzima aliyesikiliza uvumi. Mwambie na kitu ambacho wengi hawakijui. Baada ya miaka, Selim, mtoto wa Hürrem, ndiye aliyerithi kiti. Mahidevran alikuwa Bursa, baada ya miaka ya ufukara na madeni. Selim akamwekea posho ya kumtunza, na akaamuru Mustafa ajengewe kaburi la heshima. Liko Bursa mpaka leo, ndani limepambwa vigae, na mama yake alipofariki mwaka 1581 akalazwa humohumo, karibu na mwanawe. Aliyelijenga ni mdogo wake, mtoto wa mama mwingine. Kijana wako naye ana mdogo wa kiume, wa miezi minane. Mwache aulize lolote litakalofuata, na akiuliza "na wewe ulisema ungefanya hivyohivyo," usiruke. Mwambie ulichokuwa unafikiri usiku ule, hata kama jibu ni kwamba hukufikiri.

Bibi yake huenda akasikia kupitia ukutani. Nyumba za Tanga nazijua kuta zake. Akisikia, sijui atafanya nini, na usimjibu mtoto kwa ajili ya masikio ya bibi. Watoto hulitambua hilo upesi.

Akisimama tena mlangoni usiku, msogezee nafasi kwenye kochi. Kisha niandikie alichokuuliza cha pili.

Somo wako